Paka Mwenye Kisukari: Kipimo Kabla ya Sindano

Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Usemi huo haukutungwa kwa mzaha. Katika ghala la nafaka, katika jiko la nyumba ya kambini na katika duka la mtaani, paka ni mlinzi asiyedai mshahara wala likizo. Walakini watu wengi wanaomfuga hufahamu vema wajibu wake kwao, lakini wajibu wao kwake hawaufikirii. Aanzapo kudhoofika husemwa kwamba amezeeka, au kwamba amekula panya mwenye sumu, na habari huishia hapo. Yamkini mnyama huyo ana ugonjwa ambao binadamu wanaujua sana, nao ni kisukari.

Kisukari cha paka kinatibika, na mara nyingine hutoweka kabisa. Lakini dawa yake kuu, yaani insulini, ni dawa yenye makali pande mbili. Ikiwa kidogo mno haifai kitu; ikiwa nyingi mno inaua kwa saa chache. Kwa sababu hiyo madaktari wa wanyama wanahimiza kwamba sukari ya paka ipimwe nyumbani, na mtu yule yule anayempa chakula chake. Jambo hili si gumu kama linavyosikika.

UGONJWA WENYEWE

Katika mwili wa paka, kama katika mwili wa mtu, kongosho hutoa insulini. Kazi ya insulini ni kuiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia katika nyama za mwili, ikatumike kama kuni katika jiko. Insulini ikipungua, au mwili ukiwa hauitikii wito wake, sukari hubaki katika damu ikilundikana, huku nyama za mwili zikishinda na njaa. Ikipita kiwango ambacho figo zinaweza kukizuia, humwagika pamoja na mkojo na kuyavuta maji mengi kutoka mwilini.

Hapo ndipo dalili zinapoonekana. Paka hunywa maji kuliko desturi yake, hukojoa sana, hula kwa pupa, na juu ya hayo yote hukonda. Manyoya yake hupoteza mng'ao. Wengine hudhoofika miguu ya nyuma hata wakawa wanakanyaga kwa kisigino chote badala ya vidole, kwa maana sukari nyingi huharibu mishipa ya fahamu. Mwenye paka anaweza kuchunguza dalili ya kwanza bila gharama yoyote: ajaze bakuli la maji kwa kipimo, kisha kesho yake apime yaliyobaki. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku anahitaji kuonwa na daktari. Hivyo paka wa kilo 4 asizidi mililita 400.

Wanaopatwa zaidi ni paka wanene, madume waliohasiwa, waliopita umri wa miaka 7, na wanaokaa ndani bila kuwinda. Dawa za jamii ya kotizoni zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza pia kuuleta ugonjwa huu. Paka mwembamba anayeruka dari usiku kucha akisaka panya hayumo katika hatari kubwa. Lakini yule anayelala juu ya kiti mchana kutwa na kulishwa mabaki ya ugali na wali hana budi kuangaliwa, kwa sababu paka ameumbwa kula nyama na samaki, wala tumbo lake halikuzoea wanga mwingi.

KWA NINI NYUMBANI?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini mnyama asipelekwe kwa daktari, akapimwa huko na wajuzi? Jibu limo katika tabia ya paka mwenyewe. Paka ni mnyama anayependa mahali pake. Akitiwa katika kikapu, akapandishwa gari, akasikia mbwa wakibweka na kushikwa na mikono asiyoijua, mwili wake hujiandaa kwa vita. Homoni za hofu humwagika katika damu, na ini hutoa sukari iliyowekwa akiba. Paka mwenye afya njema ana sukari ya milimoli 4 hadi 7 kwa lita ya damu akiwa ametulia. Paka huyo huyo akishikwa na hofu anaweza kufika 15 au zaidi, ingawa hana ugonjwa wowote.

Sasa tafakari matokeo yake. Daktari akiiona tarakimu hiyo kubwa kwa paka mgonjwa, anaweza kudhani kwamba insulini haitoshi, akaiongeza. Paka akirudi nyumbani hofu huisha, sukari iliyopandishwa na hofu hushuka, na dozi iliyoongezwa inamkuta hana kitu cha kumkinga. Yapo pia mambo ya kinyume: paka wengine hususia chakula wawapo hospitalini, hivyo vipimo vya siku hiyo vikaonyesha sukari ndogo kuliko ile ya siku za kawaida. Katika hali zote mbili daktari anakuwa kama ofisa anayetoa amri kwa kutegemea taarifa isiyo sahihi.

Wazo la kupima nyumbani halikukubaliwa upesi hata kwa binadamu. Vipande vya kwanza vya kupimia sukari kwa tone la damu vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1965, navyo vilikusudiwa madaktari. Mwaka 1969 mhandisi mmoja wa Marekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu utotoni, alitaka mashine ya kujipimia mwenyewe. Aliambiwa kwamba mashine hizo haziuzwi kwa wagonjwa. Aliipata kwa sababu mkewe alikuwa daktari, ikanunuliwa kwa jina la mke. Leo mashine ndogo kuliko kiganja huonekana katika nyumba nyingi zenye mgonjwa, na hakuna anayeona ajabu.

Kwa paka njia ilifunguliwa na madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi. Mwaka 2000 walitangaza kwamba damu ya kutosha kwa kipimo inaweza kupatikana katika sikio la paka au mbwa kwa kutoboa kidogo tu. Baadaye waliwafundisha watu wa kawaida kufanya kazi hiyo, na mwaka 2004 wakachapisha habari za paka 26 waliofuatiliwa kati ya mwaka 1999 na 2002 kwa vipimo vya nyumbani. Tangu hapo kazi hii ilitoka mikononi mwa wajuzi peke yao ikaingia jikoni na sebuleni.

JINSI YA KUPIMA

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mashine ya kupimia sukari na vipande vyake, sindano ndogo za kutobolea, pamba, kitambaa, maji ya uvuguvugu, na kipande cha nyama au samaki kwa ajili ya tuzo.

Kwanza, chagua mahali pamoja penye utulivu na mwanga wa kutosha, na upatumie kila siku. Kwa siku chache za mwanzo usitoboe. Mkalishe paka hapo, mpapase masikio, mpe tuzo, umwache aende. Akishazoea kwamba mahali hapo pana neema, nusu ya kazi imekwisha.

Pili, pasha sikio joto. Chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu, kikamue, ukishikize sikioni hadi sikio lipate joto. Sikio baridi halitoi damu.

Tatu, tazama ukingo wa sikio kwa upande wa nje. Utaona mshipa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo huo. Mahali pa kutoboa ni kati ya mshipa na ukingo, si juu ya mshipa wenyewe. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio ili sindano isipenye na kukuchoma kidole, kisha toboa kwa mkono mwepesi na wa haraka.

Nne, tone dogo kama kichwa cha pini linatosha. Weka kipande cha kupimia katika mashine kabla ya kutoboa, ili damu isikauke ukihangaika. Gusisha ncha ya kipande kwenye tone. Nacho kitalinyonya chenyewe.

Tano, bonyeza sikio kwa pamba kwa muda wa nusu dakika, ili lisivimbe. Kisha toa tuzo, hata kama kipimo hakikufaulu. Paka asiyepata tuzo leo atakimbilia chini ya kitanda kesho.

Ukikosa damu mara mbili au tatu, acha kwa muda. Kumkamata paka kwa nguvu na kumfunga katika gunia kunaharibu maana yote ya kupima nyumbani, kwa kuwa kunaileta ile ile hofu iliyokimbiwa hospitalini.

Ikiwa nyumbani yumo mzee mwenye kisukari, mashine yake inaweza kutumika, lakini kwa masharti. Sindano ya kutobolea isitumiwe kamwe kwa mtu na mnyama, wala mara mbili. Zilizotumika zitiwe katika mkebe mgumu wenye kifuniko, mbali na watoto. Aidha, mashine iliyotengenezwa kwa damu ya binadamu kwa kawaida huonyesha tarakimu ndogo kidogo kuliko ukweli ikipimia damu ya paka. Daktari aelezwe ni mashine gani inayotumika, na tarakimu zake zilinganishwe na kipimo cha maabara walau mara moja.

KUSOMA TARAKIMU

Kipimo muhimu kuliko vyote ni kile kinachochukuliwa kabla ya kila sindano. Paka wengi hupewa insulini mara mbili kwa siku, baada ya kila saa 12. Daktari humpa mwenye paka tarakimu ya mpaka. Sukari ikiwa chini ya mpaka huo, sindano haitolewi mpaka daktari aulizwe. Ni vivyo hivyo paka akikataa chakula au akitapika. Insulini iliyokwisha kuingia mwilini hairudishwi.

Mara kwa mara daktari ataomba vipimo vya siku nzima, yaani kila baada ya saa 2 tangu sindano ya asubuhi hadi ya jioni. Vikichorwa katika karatasi vinaonyesha mstari unaoshuka kama bonde na kupanda tena. Kina cha bonde hilo, ambacho kwa kawaida hufikiwa kati ya saa ya 4 na ya 8 baada ya sindano, ndicho kinachomwambia daktari kama dozi inafaa. Madaktari wengi hutaka kina hicho kiwe kati ya milimoli 4.5 na 8. Mwenye paka asibadili dozi kwa sababu ya tarakimu moja iliyomshtua. Sukari hubadilika siku kwa siku. Kinachotazamwa ni mwenendo wake.

HATARI YA SUKARI KUSHUKA

Sukari nyingi huua polepole, sukari kidogo huua upesi. Ikishuka chini ya milimoli 3.5 hivi, paka yumo hatarini, ingawa huenda asionyeshe dalili. Dalili zikija, hulegea, hupepesuka kama mlevi, hutetemeka, hulia bila sababu, na mwishowe huanguka kifafa na kuzimia.

Paka anayeweza kumeza apewe chakula mara moja. Aliyedhoofika asiyeweza kula apakwe asali au maji mazito ya sukari katika ufizi kwa kidole, kidogo kidogo. Asimiminiwe kitu kinywani akiwa amezimia, kwani kitaingia katika mapafu. Kisha apelekwe kwa daktari bila kuchelewa, hata kama ameamka, kwa sababu insulini inaweza kuendelea kufanya kazi wakati asali imekwisha nguvu.

Maafa mengi ya namna hii hutokana na makosa mawili yanayoweza kuepukwa. La kwanza ni bomba la sindano lisilolingana na dawa. Insulini huuzwa kwa nguvu mbili: yenye yuniti 40 katika mililita moja, ambayo aghalabu ni ya wanyama, na yenye yuniti 100 katika mililita moja, ambayo ni ya binadamu. Kila moja ina bomba lake. Dawa ya yuniti 100 ikivutwa kwa bomba la yuniti 40, paka hupewa mara mbili na nusu ya dozi aliyoandikiwa. Basi soma chupa, soma bomba, kisha soma chupa tena.

Kosa la pili ni sindano mbili. Baba anamdunga paka alfajiri kabla ya kwenda zamu. Mama anaamka, anamwona paka mlangoni, naye anamdunga kwa nia njema. Kila mmoja ametimiza wajibu wake, na paka anafia mchana chini ya meza.

DAFTARI LA ZAMU

Kila askari anajua kwamba hakuna zamu bila kitabu cha zamu. Anayetoka huandika, anayeingia husoma kabla ya kushika lindo. Utaratibu huo huo ndio unaomwokoa paka. Daftari la shule linatosha. Lichorwe mistari ya tarehe, saa, sukari kabla ya sindano, dozi, chakula alichokula, na jina la aliyempa. Litundikwe kwa kamba karibu na mahali dawa inapowekwa, na kalamu yake. Kanuni ni moja: kisichoandikwa hakijulikani. Ikiwa kuna shaka kama paka amedungwa au la, asidungwe tena. Angoje zamu inayofuata. Kuikosa sindano moja humpandisha sukari kwa nusu siku; sindano ya pili inaweza kumwondolea uhai.

Uzito nao uandikwe kila juma. Mtu ajipime akiwa amembeba paka, kisha ajipime peke yake, atoe hesabu. Daktari akifunguliwa daftari kama hilo huona katika dakika tano mambo ambayo asingeyaona kwa kumlaza paka hospitalini siku tatu.

MATUMAINI

Faida ya taabu hii yote si kurefusha ugonjwa tu. Tofauti na mbwa, ambaye akishapata kisukari kwa kawaida hubaki na sindano maisha yake yote, paka anaweza kupona kiasi cha kuacha insulini. Sababu yake ni kwamba sukari nyingi yenyewe huzilemaza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari ikishushwa mapema, chembe ambazo hazijafa hupumzika na kurudi kazini.

Mwaka 2009 watafiti Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha habari za paka 55 waliotibiwa kwa insulini iitwayo glajini, huku wenyewe wakiwapima sukari nyumbani kila siku. Kwa jumla, asilimia 64 walifikia hali ya kutohitaji insulini. Ila yafaa kuangalia kwa makini: kwa wale walioanza utaratibu huo katika miezi 6 ya kwanza tangu ugonjwa kugunduliwa, walikuwa asilimia 84, kwa waliochelewa zaidi ya hapo, asilimia 35 tu. Ucheleweshaji ndio adui mkubwa.

Siku hizi kuna pia dawa za kumeza. Ya kwanza ya aina mpya, iitwayo beksagliflozini, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2022. Huzifanya figo ziitoe sukari katika mkojo. Haifai kwa kila paka, hasa yule aliyekwisha kutumia insulini, na inaweza kuleta sumu ya asidi katika damu hata sukari ikionekana nzuri. Kwa hiyo nayo haimwondolei mwenye paka wajibu wa kuchunguza.

GHARAMA NA UAMUZI

Haifai kuficha kwamba vipande vya kupimia, mabomba na dawa ni gharama kwa mshahara wa kawaida, na kwamba chakula cha watoto hutangulia. Familia ikae na daktari, ihesabu kwa ukweli. Isiyoweza kupima kila siku inaweza kukubaliana na daktari juu ya dozi ndogo isiyo na hatari kubwa, vipimo vichache vilivyopangwa, uchunguzi wa maji na uzito, na chakula cha nyama na dagaa badala ya wanga. Lakini aliyekwisha kuanza insulini asibadilishiwe chakula bila daktari kujua, kwani sukari yake inaweza kushuka ghafula. Na ikiwa hata hayo hayawezekani na mnyama anateseka, kumwomba daktari ampumzishe bila maumivu si ukatili. Ukatili ni kumwacha akonde kando ya bakuli la maji, huku kila mtu akisema ni uzee.

Kwa wale walioamua kumtibu, neno la kukumbuka ni fupi, nalo laweza kuandikwa juu ya jalada la daftari ili kila mmoja wa nyumba alisome kabla ya kushika bomba: pima kwanza, andika, ndipo udunge.